SITI BINTI SAAD: SAUTI ILIYOITANGULIA SURA

Hivi karibuni tulikuwa Chala, katika wilaya ya Nkasi, kwa shughuli isiyohusu muziki hata kidogo. Baridi ya jioni ya Ufipa ilitusukuma ndani ya nyumba ya mzee mmoja, karibu na njia itokayo Sumbawanga kwenda Namanyere, na humo, baada ya ugali na maharage, tukaonyeshwa kitu ambacho hatukutazamia kukiona: sahani ya santuri, nyeusi na nzito, iliyomeguka ukingoni, imefungwa katika kipande cha kanga. Kinanda cha kuipigia hakipo tena. Karatasi ya katikati imechujuka hata maandishi yake hayasomeki. Mzee alijua jambo moja tu, kwamba marehemu baba yake aliinunua Tabora wakati wa Mwingereza, na kwamba alikuwa akiwaambia wanawe kuwa ndani yake mna sauti ya Siti.

Hatukuweza kuthibitisha maneno hayo, wala hatukuwa na sababu ya kuyakanusha. Lakini tulipowauliza vijana waliokuwa wakiota moto pamoja nasi Siti ni nani, mmoja alijibu kuwa ni kitabu walichosoma kaka zake shuleni, na mwingine akadhani ni bibi wa katika hadithi. Kwa sababu hiyo tumeona vyema kuitoa nafasi hii leo kwa mwanamke huyo, aliyefariki tangu mwaka 1950, na ambaye kwa rai yetu jina lake linatajwa mara nyingi kuliko linavyoeleweka.

Watu wa siku hizi wamezoea kumjua mchezaji kwa sura yake. Televisheni imewafundisha hivyo. Mama mkali wa mchezo fulani, shangazi mchonganishi wa mchezo mwingine, wanapopita sokoni Sumbawanga watu huwanyooshea kidole na kuwaita kwa majina ya michezoni, si ya nyumbani kwao. Lakini televisheni imetufikia juzi tu. Visiwani ilianza mapema katika miaka ya 1970. Huku bara haikuwako mpaka mwaka 1994. Kabla ya hapo, na kwa miaka mingi, tulikuwa tukiishi na wachezaji tusiowajua uso. Nani wa umri wetu asiyewakumbuka Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania? Tuliwajua kwa kikohozi, kwa kicheko, kwa namna mmoja alivyovuta maneno na mwenzake alivyoyakata. Lau wangekaa nasi katika basi moja kutoka Mbeya tusingewatambua mpaka wafumbue vinywa.

Katika nchi hizi, Siti binti Saad aliwatangulia wote hao. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki ambaye sauti yake ilitengana na mwili wake ikasafiri peke yake.

Alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini-magharibi ya Unguja, akapewa jina la Mtumwa. Baba yake, Saad, asili yake ni Unyamwezi. Mama yake, Uzigua. Sisi tulio huku Rukwa hatuna haja ya kufafanuliwa sana jinsi Mnyamwezi alivyofika kwenye ncha ya kisiwa. Njia za misafara zilizopita Tabora kuelekea ziwani zilikuwa na matawi yaliyogusa Ufipa, na waliokwenda pwani na mizigo ya pembe si wote waliorudi. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku Unguja mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa katika sheria mwaka 1897, Mtumwa wa Fumba akiwa msichana wa miaka kumi na saba. Sheria iliondoa utumwa. Jina likabaki.

Wazazi wake walikuwa maskini, na mama yake alikuwa mfinyanzi. Binti alijifunza kazi hiyo, na vyungu vilipokwisha kuchomwa alivichukua kichwani kwenda kuviuza mjini, mwendo wa saa nyingi kwa miguu. Muuza vyungu hana duka; duka lake ni mdomo. Basi alikuwa akivitangaza kwa kuimba, na husimuliwa kwamba watu walimtambua kwa sauti kabla hajachomoza penye kona. Kila mtu wa Chala amewahi kumwona mwanamke akishuka njia na chungu kichwani, shingo imenyooka, akizungumza na mwenzake aliye mbali bila ya kugeuka. Ni kazi inayotaka pumzi. Hatuoni ajabu kwamba pumzi hiyo baadaye ilistahimili nyimbo za usiku kucha.

Aliolewa, akapata mtoto, na ndoa haikudumu. Mwaka 1911 aliiacha Fumba akahamia mjini. Hapo ndipo maisha yake yalipogeuka, na yaligeuzwa na mtu mmoja aitwaye Ali Muhsin, mwanachama wa Ikhwani Safaa, chama cha taarabu kilichoundwa mwaka 1905. Ali Muhsin aliisikia sauti, akaamua kumfundisha mwenye sauti kuimba na kupiga ala.

Inafaa msomaji afahamu taarabu ilikuwa nini wakati huo. Ilikuwa starehe ya jumba la mfalme. Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hata 1888, ndiye aliyependezwa na muziki wa Misri, akampeleka Mohamed Ibrahim huko kujifunza ili aje kuwafundisha wengine. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu, waimbaji walikuwa wanaume, na wasikilizaji walikuwa watu wenye nasaba. Mwanamke aliyetoka shamba, mwenye jina la kitumwa, akiimba kwa Kiswahili mbele ya watu, hakuwa na mahali pa kuketi katika mpango huo. Alijitengenezea mahali. Baada ya muda akawa akialikwa kwenye nyumba zile zile kubwa, na bwana mmoja wa Kiarabu akampa jina jipya, Siti, maana yake bibi mwenye heshima. Toka hapo Mtumwa hakutajwa tena ila na waliotaka kumuudhi.

Nao hawakukosekana. Kundi jingine la waimbaji lilimtungia wimbo wa kumdhihaki, kwamba lini alipata kuwa mtu, yeye aliyetoka shamba na kaniki na kutembea bila viatu, na kwamba lau si sauti angekula nini. Alijibu kwa wimbo pia, kuwa uzuri wa uso na ukubwa wa ukoo havimfai aliyepungukiwa na busara. Majibu hayo yamesifiwa sana. Lakini sisi hutusimamisha zaidi ile shutuma yenyewe, kwa kuwa bila ya kukusudia ilisema kweli. Lau si sauti, kwa hakika, angeendelea kula kwa vyungu. Ufinyanzi ulikuwa kazi ya mama yake. Sauti ilikuwa mali yake mwenyewe, na mwanamke wa tabaka lake aliyekuwa na mali yake mwenyewe hakuwa wengi Unguja.

Nyumba yake ilikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa hori, mbali na majumba ya mawe ya Mji Mkongwe. Ng'ambo ndiko walikokaa waliokuwa watumwa na watoto wao, wachukuzi, wachuuzi, wavuvi, watu wa bara wa kila kabila. Hapo kundi lake lilikusanyika: Subeit Ambar, Mbaruk Effandi Talsam ambaye alikuwa kipofu, Buda, na Mwalimu Shaaban. Mchana ulikuwa wa kutunga na kujizoeza. Usiku majirani walikuja, wakajaza chumba na kibaraza, na waliokosa nafasi wakasimama njiani.

Mambo haya ya nyumbani kwake ndiyo yanayotufanya tumtaje pamoja na wachezaji wa redio na televisheni, na hatusemi hivyo kwa kutafuta mfano wa kupendeza. Waliohudhuria mikutano hiyo, walipohojiwa wakiwa wazee, walieleza kwamba nyimbo hazikwenda peke yake. Baina ya wimbo na wimbo watu wa kundi waliinuka wakacheza vichekesho: wakamwiga hakimu, wakamwiga karani, wakamwiga mume mlevi arudiye nyumbani. Kisa kilichoimbwa kilichezwa, na kilichochezwa kiliimbwa tena, na wasikilizaji wakatia maneno yao. Nyimbo zenyewe zilitokana na mambo ya mtaa. Mtu mkubwa serikalini aliiba fedha, akafungwa na kutiwa katika kazi ngumu. Ng'ambo ikapata wimbo wa kuwakumbusha wakubwa kuwa jela si ya wanyonge peke yao. Mwanamke kapigwa na mumewe, ukatungwa wimbo. Kwa watu ambao wengi wao hawakusoma magazeti, hayo yalikuwa ndiyo magazeti, tena magazeti ambayo msomaji angeweza kubishana na mhariri papo hapo. Sisi tulio katika kazi hii tunakiri kuwa tunayaonea wivu.

Wimbo uliojulikana zaidi ni ule wa Kijiti, na kisa chake hakina kichekesho. Mwanamke mja mzito alitoka Dar es Salaam kuja Unguja kutembea. Wenyeji wake, wanawake wenziwe, walikwenda naye katika tafrija, na huko mtu aitwaye Kijiti akamchukua porini, akamnajisi na kumwua. Kijiti akavuka bahari akakimbilia bara, na mkono wa sheria haukumrudisha. Kesi haikukosa washitakiwa, hata hivyo. Mahakama iliwatia hatiani wale wanawake waliofuatana na marehemu, kwa sababu ya ulevi uliokuwako katika tafrija ile. Muuaji alikuwa huru, na waliofiwa na mgeni wao wakawa wafungwa.

Siti alikiimba kisa hicho kuanzia mwanzo mpaka hukumu. Hakuweka mawaidha mengi. Alitaja jina la mwuaji, akataja alikokimbilia, akaeleza nani alifungwa, akawaachia wasikilizaji kupima. Hakimu wa kikoloni aliyeandika hukumu ile amesahauliwa. Jina la Kijiti linatajwa hata leo kwa chuki, kwa kuwa mwanamke mmoja wa Ng'ambo hakukubali kesi ifungwe pale ilipofungwa mahakamani. Tukiulizwa ni lipi kubwa katika kazi yake, hatutataja jumba la mfalme wala safari ya Bombay. Tutautaja wimbo huu.

Safari ya Bombay hata hivyo ndiyo iliyoufikisha wimbo kwa watu. Mwaka 1928 kampuni ya HMV, yenye nembo ya mbwa asikilizaye baragumu, ilimchukua Siti na wenzake kuvuka bahari mpaka India ili sauti zao ziingizwe katika sahani. Kabla ya hapo santuri zilizopigwa Unguja zilikuwa na sauti za Misri, za India na za Ulaya. Mwenye kinanda alisikiliza lugha za watu. Sasa alisikia yake. Msomaji akumbuke pia kwamba mwaka ule ule wa 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao. Hatusemi santuri ndizo zilizoleta mgomo. Tunasema tu kwamba watu waliojisikia katika sahani ya dukani, kwa lugha yao na kwa visa vyao, hawakuwa watu wa kuambiwa kuwa hawana neno.

Sahani zilinunuliwa kwa namna ambayo kampuni yenyewe haikuitazamia. Inakadiriwa kuwa kufikia mwaka 1931 zilizouzwa katika Afrika ya Mashariki zilizidi 70,000, hesabu kubwa sana kwa nchi ambazo mwenye kinanda alikuwa mtu wa kuhesabiwa. Kampuni nyingine zikaja mbio kutafuta waimbaji wa Kiswahili. Huko Misri, miaka hiyo hiyo, Umm Kulthum naye alikuwa akiingia katika santuri. Huku kwetu aliyefungua mlango alikuwa mfinyanzi wa Fumba.

Vinanda vya mkono havikuhitaji umeme. Vilipanda meli, vikapanda gari la moshi la Reli ya Kati, vikashuka Dodoma, Tabora, Kigoma, na kutoka hapo vikachukuliwa kichwani au kwa baiskeli. Katika mji mdogo kinanda kimoja cha mwenye duka kiliwatosha watu wa mtaa mzima. Watu wasiopata kuiona bahari walijua visa vya Unguja. Wengi hawakujua Kiswahili sawasawa. Wapo waliojifunzia humo. Hivyo baba wa mzee wetu wa Chala, akirudi kutoka Tabora na kitu kizito kimefungwa katika nguo, hakuwa mtu wa ajabu kwa zama zake. Alibeba sauti ya binti wa Mnyamwezi kuirudisha bara, karibu na alikotoka babu yake Siti, ingawa yeye huenda hakulijua hilo.

Lakini kuna neno linalotusumbua katika habari hii ya santuri, na wasifu mwingi humpita juu yake. Uso mmoja wa sahani za wakati ule ulichukua dakika tatu hivi. Wimbo wa nyumbani kwa Siti haukuwa na dakika. Ulirefushwa kwa hamu ya watu. Ubeti ulirudiwa kwa sababu mtu fulani aliyesemwa ameingia mlangoni. Mchekeshaji aliinuka, kicheko kikaukata wimbo, wimbo ukarudi. Bombay hapakuwa na mlango wa mtu wa Ng'ambo kuingia. Wenye mitambo walitaka sauti na ala, basi. Vichekesho vilibaki Unguja, na walipokufa waliovicheza vikafa pamoja nao. Kwa hiyo Siti tunayemsikia katika sahani ni nusu yake. Ile nusu nyingine, mwanamke aliyeketi katikati ya kundi la wachezaji, akiwapa zamu na kuwanyang'anya, akijua kwa macho nani barazani anastahili kusemwa usiku huo, hatunayo.

Na kitabu nacho kimechukua sehemu yake na kuacha nyingine. Shaaban Robert alikwenda kumwona Siti mwaka 1950, naye akiwa amekwisha dhoofu, na wasifu aliomwandikia ulichapishwa mwaka 1958. Ni kitabu kizuri, chenye Kiswahili ambacho wengi wetu tungetamani kukiandika, na bila ya hicho mengi ya Fumba yasingejulikana. Wanafunzi wa sekondari walikisoma kwa miaka mingi. Hata hivyo Shaaban Robert alikuwa mwalimu wa maadili katika kila alichokiandika, na Siti wa kitabuni ni mwanamke mtulivu, mwenye subira, kielelezo cha tabia njema. Hapana shaka alikuwa hivyo. Lakini aliyewacheka mahakimu, aliyeishi na wanaume wanaomwiga karani wa serikali mpaka watu wakashika mbavu, aliyeimba ulevi na kipigo na mauaji kwa majina ya wahusika, huyo mwalimu alimpa nafasi ndogo. Kijana wa Chala aliyetuambia kuwa Siti ni kitabu cha shule hakukosea sana.

Tunayasema haya kwa kuwa yanatuhusu. Ufipa ilikuwa na wahunzi waliojenga tanuru za chuma ndefu kupita kimo cha mtu, na magofu yake yangali yanaonekana hapa na pale. Nyimbo na maneno yaliyofuatana na kazi hiyo yametoweka zaidi kuliko udongo wa tanuru. Wapo bado wanawake wazee katika vijiji vyetu wanaojua kusimulia hadithi kwa sauti tano: ya sungura, ya fisi, ya mama wa kambo, ya mfalme, na ya mtoto mdogo anayelia. Siku hizi kijana mwenye simu ana uwezo wa kunasa sauti kuliko uliokuwa nao kampuni nzima mwaka 1928, tena bila ya kikomo cha dakika tatu, na kicheko cha wasikilizaji kikaingia pia. Maafisa utamaduni wa mkoa wanaweza kulianza jambo hili bila ya kungoja fungu la fedha. Hatujaona likianzwa.

Siti alifariki Unguja tarehe 8 Julai, 1950. Nyimbo zake zilishikwa na wengine. Bi Kidude, aliyezisikia katika ujana wake, aliendelea kuimba Kijiti na Muhogo wa Jang'ombe katika nchi za mbali mpaka alipofariki mwezi Aprili, 2013, na aliziimba kwa namna yake, kwa kelele na matani na mwili mzima, jambo linalotufanya tudhani kwamba sehemu ya yale yaliyoachwa nje ya mlango wa Bombay huenda ilipita kwake. Chama cha waandishi wa habari wanawake kilipoanzisha jarida lake mwaka 1988 kililiita Sauti ya Siti. Wenye kuchagua jina hilo walikuwa wakijua kazi ya waandishi ni ipi.

Mzee wa Chala ameifunga tena sahani yake katika kanga akairudisha sandukuni. Tumemwahidi kuwa tutatafuta Sumbawanga, na tukikosa tutatafuta Mbeya, mtu ambaye angali na kinanda cha mkono chenye sindano. Kama yupo miongoni mwa wasomaji wetu, tunaomba afike ofisini. Ukingo ule uliomeguka umeula mwanzo wa wimbo, lakini kwa tulivyoupima kwa kidole, mifereji mingine yote ni mizima.